Jua Juu ya Maji Wakati wa Kipupwe: Mwongozo Kamili wa Kupanga Picha Kwenye Mabwawa na Maziwa ya Kanda ya Kati

Kila mwaka ikifika Juni watu hunionyesha picha ileile. Imepigwa kwenye bwawa la Hombolo, au la Mtera, au kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe nje kidogo ya mji. Jua liko katikati kabisa, limegeuka doa jeupe lisilo na umbo. Mstari wa maji umekata picha nusu kwa nusu, tena umeinama kama meza yenye mguu mfupi. Chini ni weusi mtupu. Mwenye picha husema, "Pale palikuwa pazuri sana, ila kamera yangu ndiyo mbovu."

Kamera si mbovu. Nimeiona picha hiyo ikitoka kwenye simu ya bei nafuu, na nimeiona ikitoka kwenye kamera iliyogharimu mamilioni. Shida ni kwamba mpigaji alifika, akalitazama jua, akabonyeza. Hakuyatazama maji, wala hakutafuta kitu cha kusimama ndani ya ule mwanga. Hapa chini nimepanga kazi yote kwa hatua, tangu nyumbani hadi mwisho wa mwanga. Hatua za kutafuta mahali pa kusimama nimezipa nafasi kubwa, kwa kuwa ndiko wengi wanakokwama.

## Vitu vya kuandaa

- Simu au kamera yoyote unayoweza kuipunguzia mwangaza kwa mkono.
- Stendi ya miguu mitatu. Usipokuwa nayo, beba kifuko cha nguo chenye mchanga au maharage ukiweke juu ya jiwe.
- Kitambaa laini cha lenzi na pampu ndogo ya kupulizia vumbi.
- Dira. Ile ya kwenye simu inatosha.
- Tochi ya kichwani, kwa kuwa utafika au utaondoka gizani.
- Koti na viatu vilivyofunika mguu. Alfajiri ya Julai hapa Dodoma joto hushuka hadi kama nyuzi 13 au 14, na penye maji upepo unauma zaidi. Mtu anayetetemeka hapangi picha, anataka tu kuondoka.
- Betri iliyojaa na kadi yenye nafasi.

Kama una lenzi za kubadilisha, beba moja pana (milimita 24 hivi) na moja ndefu (milimita 200 au zaidi). Kichujio cha kupunguza mng'ao, kile cha kuzungusha, kiache nyumbani. Hufanya kazi vizuri jua likiwa ubavuni mwako, nasi tunakwenda kulitazama usoni.

## Hatua ya 1: Jua litatokea wapi?

Wengi huchagua mahali kwa kumbukumbu ya Desemba au Januari. Wakirudi Juni, jua haliko pale. Mwishoni mwa Juni, hapa kwetu, jua huchomoza kama nyuzi 23 kaskazini mwa mashariki kamili na kuzama kama nyuzi 23 kaskazini mwa magharibi. Desemba huwa upande wa kusini kwa kiasi hichohicho. Tofauti ya misimu hii miwili ni nyuzi zipatazo 47, pana kuliko eneo lote linaloonwa na lenzi ya milimita 50. Kwa hiyo ule mbuyu ulioupiga vizuri jua likiwa nyuma yake wakati wa Krismasi, wakati wa Sabasaba utausubiri bure.

Shika dira. Kwa macheo ya Juni na Julai tafuta nyuzi 66. Kwa machweo tafuta 294. Kufikia mwisho wa Agosti jua linakuwa limerudi karibu na mashariki na magharibi kamili, limebakiza kama nyuzi 10 tu.

Maana yake ardhini ni hii: ukitaka macheo juu ya maji, simama ukingo wa magharibi au kusini-magharibi, maji yawe mbele yako kuelekea mashariki-kaskazini. Ukitaka machweo, simama ukingo wa mashariki au kusini-mashariki. Jambo hili ni dogo, lakini nimekuta watu wamesafiri kilomita 120 hadi Mtera wakakaa ukingo usiofaa, jua likazama nyuma ya kichaka mgongoni mwao.

Kuhusu saa: mwishoni mwa Juni jua huchomoza Dodoma karibu saa moja kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Penye mlima ng'ambo ya maji, litachelewa kuonekana asubuhi na litawahi kupotea jioni. Kujua limebakiza muda gani, nyoosha mkono, kunja ngumi, weka ngumi kati ya jua na upeo. Ngumi moja ni kama nyuzi 10, yaani dakika 40 na ushee.

Umefaulu ikiwa: kabla hujatoka nyumbani unaweza kunyoosha kidole kwenye ramani na kusema, "Nitasimama hapa, jua litatokea pale."

## Hatua ya 2: Chagua maji kulingana na picha unayoitaka

Kipupwe kinayabadilisha maji ya kanda ya kati. Mvua imeshakatika tangu Aprili au Mei, mabwawa yanapungua wiki hadi wiki, na ukingo unarudi nyuma ukiacha tope, nyufa na madimbwi. Wengine wanaona hiyo ni hasara. Mimi naona ndiyo mali yenyewe: lile dimbwi dogo lililobaki kwenye tope linaweza kubeba jua zima.

Hombolo iko karibu na mjini, kama kilomita 40. Utapata wavuvi, mitumbwi, na mifugo inayokuja kunywa. Kwa anayeanza, hapa ndipo pa kurudi mara tano bila kuchoka nauli.

Mtera ni pana. Kuna miti mikavu iliyosimama majini tangu bonde lilipofurika, na ndege wanaitumia kutua. Kwa maumbo meusi mbele ya jua sijui mahali pazuri zaidi katika kanda hii. Ila ukuta wa bwawa na mitambo ya umeme ni eneo la ulinzi. Usielekeze kamera huko bila kibali, hata kama jua limekaa vizuri kiasi gani.

Singidani na Kindai, pale Singida mjini, ni maziwa ya magadi yenye majabali makubwa ya mviringo ukingoni. Heroe (flamingo) wakiwepo, watu husahau kila kitu na kuwakimbilia. Usiwakimbilie. Majabali hayahami, na yana maumbo ambayo huwezi kuyapata Dodoma.

Mbuga ya Bahi ifikie mwanzoni mwa kipupwe, kabla haijakauka. Mahali pengine kutakuwa na maji ya kina cha kiganja yaliyotandaa kama sinia. Maji ya kina kifupi hayainui mawimbi makubwa, kwa hiyo taswira ya anga hukaa imetulia hata pakiwa na upepo kidogo.

Na usidharau lambo la kijijini. Picha haimwambii mtu bwawa lina ukubwa gani. Ukiinama vya kutosha, lambo la mita 50 linajaza fremu yote.

## Hatua ya 3: Asubuhi au jioni?

Hizi ni picha mbili tofauti, na uamuzi huu unaamua mengine yote.

Asubuhi ya kipupwe maji hutulia. Usiku hewa ya chini imepoa na upepo umelala, hivyo uso wa maji unakuwa kioo. Baridi ikizidi, maji yanakuwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, na mvuke mwembamba unapanda kama moshi wa chai. Ukiuona, acha mipango mingine yote uupige, kwa sababu jua likishapanda kidogo unatoweka.

Jioni kuna vumbi. Upepo wa mchana umelinyanyua, na kuanzia Julai hivi huongezeka moshi wa watu wanaosafisha mashamba. Hewa hiyo chafu inalipunguza jua makali, inalifanya duara jekundu ambalo kamera inaweza kulibeba bila kulichoma. Lakini maji yana viwimbi, huwezi kupata kioo.

Basi: ukitaka taswira ya miti, majabali au mitumbwi ndani ya maji, amka alfajiri. Ukitaka duara jekundu la jua na njia ndefu ya mwanga inayometameta, nenda jioni. Mtu anayetaka vyote kwa safari moja huishia kukosa vyote.

Mzee mmoja mvuvi wa Hombolo aliniona nikihangaika na upepo saa mbili asubuhi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akacheka kidogo, akaniambia, "Mjukuu wangu, upepo wa hapa unaamka jua likishauvuka ule mbuyu. Wewe umekuja wakati sisi tunaondoka." Nilirudi kesho yake alfajiri nikayakuta maji yamelala. Kila bwawa lina mbuyu wake wa namna hiyo, na wanaoujua ni wavuvi na wachungaji. Waulize.

## Hatua ya 4: Fika mapema, tembea bila kamera

Kwa machweo uwe umefika saa kumi na nusu jioni. Kwa macheo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mahali uwe umepatazama jana yake mchana. Kutafuta mahali gizani, kwenye tope usilolijua, si ushujaa.

Acha begi (ukiwa na mwenzako wa kulilinda) na utembee ukingoni ukiwa mikono mitupu. Mkono ukiwa na kamera, jicho hutafuta pa kubonyeza. Mkono ukiwa mtupu, jicho hutafuta kilichopo. Tafuta vitu vitatu:

1. Kitu chenye umbo linalotambulika kikiwa cheusi kabisa: mtumbwi, mti mkavu, jiwe, nyavu zilizotundikwa, ng'ombe anayekunywa. Kichaka hakifai. Kikiwa cheusi kinakuwa doa.
2. Ukingo unaopinda na kuingia ndani ya picha, badala ya ukingo ulionyooka kama ruta mbele yako.
3. Upande wa ng'ambo usio na minara, nguzo za umeme au mapaa ya bati.

Mibuyu wakati huu imepukutisha majani. Matawi yake yaliyo uchi yanasomeka vizuri sana mbele ya mwanga, kuliko mbuyu wa Januari ambao ni lundo la kijani. Hii ni zawadi ya msimu, itumie.

Penye watu, salamu kwanza. Ukiwa Ugogoni, "Mbukwenyi" inafungua milango. Sema unafanya nini, omba ruhusa, onyesha picha ulizopiga. Mvuvi akikataa, basi. Akikubali, usimpange kama sanamu. Mwache afanye kazi yake, wewe ndiye uhame.

Onyo: usiingie majini ili kupata pembe nzuri. Mtera kuna mamba na viboko, na viboko hutoka majini kula jioni na usiku, wakati huohuo ambao wewe unakusanya vifaa vyako. Usisimame kati ya kiboko na maji. Maji yaliyotuama yenye konokono pia hubeba kichocho, na kimelea hicho hupenya kwenye ngozi isiyo na jeraha. Tope la ukingoni nalo hudanganya: juu limekauka na kupasuka, chini ni uji. Lipime kwa fimbo kabla ya kulikanyaga.

Umefaulu ikiwa: umepata mahali pawili, pa kwanza na pa akiba, na unaweza kueleza kwa sentensi moja picha itakuwa ya nini. "Mtumbwi uliopaki ndani ya njia ya mwanga." Kama sentensi yako ni "jua linazama", endelea kutembea.

## Hatua ya 5: Iweke njia ya mwanga mahali unapopataka

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Soma polepole.

Ile njia ya mwanga juu ya maji haiko mahali maalumu bwawani. Daima inatoka chini ya jua na kuja moja kwa moja miguuni pako. Watu kumi wakisimama ukingoni, kila mmoja anaiona njia yake. Ukisogea hatua tano kushoto, njia nayo inasogea, lakini mtumbwi uliotia nanga hausogei.

Kwa hiyo unaweza kuuingiza mtumbwi ndani ya mwanga kwa miguu yako. Mtumbwi ukiwa kushoto mwa njia, tembea kushoto mpaka njia iufikie. Ukiwa kulia, tembea kulia. Watu wanasubiri mtumbwi uje kwenye jua, kumbe wao ndio wanaopaswa kwenda.

Zoezi: chomeka kijiti ukingoni kabisa mwa maji, mahali unapofika bila kuingia majini. Rudi nyuma kidogo, kisha tembea pembeni taratibu ukikitazama. Utaona kijiti kinaingia kwenye mng'aro, kinakuwa cheusi na kikali, halafu kinatoka na kupotea kwenye maji ya kijivu. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kupiga picha yoyote. Nimewafundisha wengi, na zoezi hili limewasaidia kuliko maelezo yote ya vitufe vya kamera.

Njia yenyewe hubadilika. Maji yakiwa kioo, hakuna njia. Kuna jua la pili chini ya upeo, umbali uleule ambao jua la kwanza liko juu yake. Viwimbi vidogo vikija, jua hilo la pili linarefuka kuwa nguzo. Upepo ukizidi, nguzo inatawanyika pande zote na kuwa mmetameto usio na mwelekeo. Na kadiri jua linavyoshuka, njia inakuwa nyembamba zaidi. Ukikuta saa kumi na moja jioni maji yote yanang'aa ovyo, subiri. Baada ya saa nzima itakuwa imejikusanya.

## Hatua ya 6: Kimo cha kamera

Wengi hupiga wakiwa wamesimama wima, kwa kuwa ndivyo walivyofika. Kimo kina nguvu kuliko lenzi.

Juu ya maji yaliyotanda, mstari wa upeo hukata kila kitu kwa kimo kilekile cha kamera yako. Ukiishika kamera usawa wa macho, mtu aliyesimama kwenye mtumbwi tambarare atakatwa na upeo karibu na kichwani. Mwili wake mweusi utazama ndani ya maji meusi, na kichwa kitakuwa kimekaa juu ya mstari kama nazi juu ya ukuta. Chuchumaa hadi kamera iwe usawa wa magoti. Upeo unashuka, na mwili wake wote unasimama mbele ya anga lenye mwanga.

Lakini si kila mara. Kama una ndege mdogo anayetembea ndani ya mng'aro wa maji, chuchumaa na mgongo wake utagusa ukingo wa ng'ambo, umbo litapotea. Hapo simama, hata panda jiwe, ili ndege wote abaki ndani ya maji yanayong'aa na kuwe na nafasi kumzunguka.

Kanuni ninayoishika: umbo jeusi lisigusane na umbo jingine jeusi. Mtumbwi usiguse ng'ambo. Mvuvi asimezwe na mti. Ng'ombe wawili wasiungane kuwa mnyama wa miguu minane. Ukiona wamegusana, badilisha kimo au subiri sekunde tano.

Kwa taswira kwenye maji yaliyotulia, shuka chini kabisa, kamera karibu iguse maji. Maji yanayotazamwa kwa mlalo huakisi karibu kama kioo. Yanayotazamwa kutoka juu huakisi kidogo sana, nawe unaona tope la chini. Ndiyo maana dimbwi ulilolidharau ulipokuwa umesimama linageuka anga zima ukilala kifudifudi.

Onyo: shika kamera kwa mkanda shingoni unapofanya hivi. Vumbi la hapa likilowa ni tope, na tope kwenye kamera ni fundi.

## Hatua ya 7: Upeo na mgao wa fremu

Washa mistari ya gridi kwenye simu au kamera. Unyooshe upeo hapohapo, usitegemee kuunyoosha baadaye, maana kunyoosha kunakata pembe za picha na mara nyingi kunakata mguu wa mtumbwi.

Tahadhari: ukingo wa ng'ambo unaopinda kuja kwako utaonekana umeinama hata kamera ikiwa sawa. Tumia kipimo cha usawa cha ndani ya kamera, au linganisha na mti uliosimama wima na taswira yake. Taswira iwe chini yake moja kwa moja.

Kisha amua nani apewe nafasi. Anga la kipupwe mara nyingi ni tupu, halina wingu hata la kusingizia. Anga tupu lipe theluthi ya juu au chini ya hapo, maji yachukue kilichobaki. Asubuhi nyingine huja na mawingu ya chini yaliyopangana. Hapo geuza mgao.

Kuweka upeo katikati si dhambi pale maji yakiwa kioo kamili na taswira ikawa ndiyo picha. Nje ya hapo, unakuwa umekataa kuchagua.

Jua lenyewe liweke pembeni kidogo, na kitu chako cha mbele upande mwingine, ili jicho lisafiri kutoka kimoja kwenda kingine. Lakini kama kitu kiko ndani ya njia ya mwanga, vitakuwa kwenye mstari mmoja kutoka juu hadi chini, nayo inafaa. Sogeza basi mstari wote kushoto au kulia kwa kugeuza kamera, bila kuhamisha miguu.

Ukubwa wa jua unawashangaza wengi. Kwa macho lilikuwa kubwa kama sinia. Kwenye picha ni punje ya mtama. Jua lina upana wa nusu nyuzi tu angani. Kwa lenzi ya milimita 24 linachora duara la robo milimita hivi kwenye kihisi, kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kwa milimita 200 linakaribia milimita 2. Ukitaka jua kubwa nyuma ya mti wa Mtera, tumia lenzi ndefu na urudi mbali na mti. Kwa simu isiyo na lenzi ndefu, likubali jua dogo, uijenge picha kwa njia ya mwanga na kitu cha mbele. Kuvuta kwa vidole kwenye skrini kunaharibu picha tu.

## Hatua ya 8: Mwangaza

Onyo kubwa: usilitazame jua kupitia tundu la kioo la kamera, lile unalosogezea jicho, hasa ukiwa na lenzi ndefu. Lenzi inakusanya mwanga na kuupeleka kwenye jicho, na jicho linaungua bila kuuma. Tumia skrini ya nyuma.

Kwa simu: gusa anga karibu na jua, si jua lenyewe. Shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha telezesha kidole kushusha mwangaza hadi anga lipate rangi na maumbo yawe meusi. Zima flashi. Hali ya HDR (inayochanganya picha za mwangaza tofauti kuwa moja) ijaribu kwa kuwasha na kuzima, kwa sababu wakati mwingine huyaosha maumbo meusi uliyoyapanga kwa jasho.

Kwa kamera: anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/250 ya sekunde, kisha tazama matokeo na urekebishe. Tundu f/16 huligeuza jua lililojificha nusu nyuma ya tawi kuwa nyota yenye miale. Rangi usiiachie kamera ichague yenyewe, maana itauona wekundu kama kosa na kuusahihisha. Kwenye mpangilio wa rangi (white balance) chagua alama ya mwanga wa jua. Piga faili ghafi (RAW) kama kamera inaruhusu.

Katikati ya jua patabaki peupe, na ni sawa. Lisilokubalika ni weupe huo kusambaa hadi nusu ya anga.

Futa lenzi kabla ya kila mfululizo. Alama ya kidole ambayo mchana haionekani, mbele ya jua inageuka ukungu juu ya picha yote. Lakini kwanza puliza, ndipo ufute. Vumbi letu lina chembe za mawe, na shati linazisugua kwenye kioo. Kioo cha kinga kilichofungwa mbele ya lenzi kitoe kwa muda, kwa kuwa kinazalisha duara la pili la jua mahali pasipotakiwa. Na usibadilishe lenzi kwenye upepo.

## Hatua ya 9: Piga, kisha ubaki

Huku kwetu karibu na ikweta jua halizembei. Tangu duara liguse upeo hadi lipotee ni dakika 2 na ushee. Huo si muda wa kutafuta kitufe. Yote ya hatua ya 4 hadi ya 8 yawe yamekamilika jua likiwa bado ngumi moja juu.

Piga jua likiwa juu kidogo, likigusa, likiwa nusu. Kati ya picha na picha, tazama pembe nne za fremu: kuna mfuko wa plastiki? Kuna mkia wa ng'ombe unaoingia? Tazama pia miguu yako. Je, kitu bado kimo ndani ya njia? Jua linaposhuka linaenda kidogo pembeni pia, nawe sogea nalo.

Likishapotea, kila mtu anafunga begi. Wewe baki dakika 20. Mwanga unahamia kwenye tabaka la vumbi, anga la magharibi linapata rangi ya embe bivu, na tofauti kati ya anga na maji inapungua kiasi kwamba kamera inaweza kuona vyote viwili. Upepo nao mara nyingi unaanza kutulia. Asubuhi ni kinyume chake: dakika 20 nzuri ziko kabla jua halijatokea, ndiyo sababu nikasema saa kumi na moja na nusu. Hapo stendi ni lazima, maana shata itashuka hadi nusu sekunde au zaidi, na mkono uliopoa hautulii.

## Hatua ya 10: Nyumbani

Usihariri usiku uleule. Kesho yake chagua picha tatu tu. Shusha kidogo sehemu zilizowaka, acha maumbo meusi yabaki meusi, na usiguse kitelezi cha rangi zaidi ya nukta chache. Machungwa yaliyopitiliza huwa ni dalili kwamba mpangilio ulikuwa dhaifu.

Kisha ipunguze picha kwenye skrini iwe ndogo kama stempu ya posta. Mpe mtu ambaye hakuwepo, aitazame sekunde mbili, umuulize ameona nini. Akisema "jua", rudi kwenye hatua ya 4. Akisema "mtu anavuta nyavu asubuhi," basi iko tayari kuchapishwa.